Nianzie Ulipovunja Ungo

Mwanamke anayeingia kwa tabibu ameshika tumbo huulizwa tarehe kabla ya jambo jingine lolote. "Mara ya mwisho uliona siku zako lini?" Anajibu, tabibu anaandika, mkojo unapelekwa maabara. Majibu yakirudi kwamba hana mimba, tarehe ile imekwisha kazi yake na haitazamwi tena. Kuanzia hapo maswali yote ni ya mahali. Unaumwa wapi? Hapa au hapa? Nikibonyeza? Kushoto au kulia? Halafu karatasi ya dawa, dirisha la dawa, na kurudi nyumbani.

Tarehe imeulizwa, imejibiwa, imeandikwa, na hakuna aliyeisoma. Mimi naamini wanawake wengi wamepotelea hapo kwa miaka.

Maumivu ninayoyasema si yale ya siku ya kwanza ambayo msichana hujikunja kidogo, akameza kidonge, akalala, na jioni akaamka akiwa mzima. Hayo yanajulikana yanavyotokea. Mfuko wa uzazi hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, nazo huufanya ujibane ili utoe damu. Ibuprofeni na dawa za jamii yake huzuia kemikali hizo zisitengenezwe, ndiyo maana zinafanya kazi vizuri zaidi zikimezwa mapema, baada ya chakula, kuliko zikingojewa mpaka mtu yuko sakafuni. Wengi hupona hivyo na maisha yanaendelea.

Nasema yale mengine. Yanaanza siku kadhaa kabla ya damu na kubaki baada yake. Yanashuka mapajani na kupanda kiunoni. Siku za hedhi, kwenda haja kubwa kunakuwa jambo la kuogopwa. Tendo la ndoa linaacha maumivu yanayokaa mpaka kesho yake. Kidonge kimoja kilikuwa kikitosha, baadaye viwili, baadaye sindano ya Diclofenac, na mwishowe hata sindano inapunguza tu. Na baada ya miaka ya kuja na kuondoka, maumivu yanaweza kuacha kabisa kuondoka, kwa sababu mishipa ya fahamu iliyogongwa kama kengele kwa muda mrefu huzoea kulia hata pasipo na anayeigonga. Mtu anaumwa chini ya kitovu siku yoyote, wiki yoyote, na kila anapokwenda hospitali anaonekana kana kwamba ameanza kuumwa jana.

Moja ya sababu kubwa za hali hiyo ni endometriosisi. Tishu inayofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje yake: juu ya ovari, nyuma ya kizazi, kwenye utumbo, kwenye kibofu. Inaitikia homoni za kila mwezi, inavimba, inaweza kutoa damu isiyo na njia ya kutokea, na pale ilipo panapata kovu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unawapata takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, yaani watu wapatao milioni 190 duniani. Haukugunduliwa juzi. Karl von Rokitansky aliuandika huko Vienna mwaka 1860, na katika miaka ya 1920 Mmarekani John Sampson akaupa maelezo ambayo bado yanajadiliwa hadi leo, kwamba sehemu ya damu ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija na kumwagikia tumboni. Ugonjwa una zaidi ya karne na nusu vitabuni, na bado mwanamke wa leo anaweza kukaa miaka mingi tangu maumivu yaanze mpaka aambiwe anaumwa nini.

Wakenya walimjua Njambi Koikai kama mtangazaji na sauti ya reggae. Maumivu yake yalianza na hedhi, akiwa bado msichana, na ilipita miaka mingi kabla hajapata jina la kilichokuwa kikimwangusha. Ugonjwa ulikuwa umefika kifuani. Pafu lake lilisinyaa mara baada ya mara, akaingizwa mipira ya kifua, akalazwa na kutoka na kulazwa tena. Mwaka 2018 watu walimchangia akaenda Atlanta, Marekani, kufanyiwa upasuaji. Aliporudi aliendelea kusema hadharani, kwenye redio na kila alipopewa nafasi, ili msichana mwingine asipite alikopita yeye. Alifariki Juni 2024, akiwa na miaka 38.

Ninapowaza habari zake ninarudi kwenye lile pafu. Anayetazama mahali peke yake ataona ugonjwa wa kifua na kutibu kifua. Lakini pafu linalosinyaa kwa kufuata hedhi limekwisha kusema linaumwa nini, na limesema kwa tarehe. Ndivyo ulivyo ugonjwa huu popote unapojificha. Mkojo unaouma kila baada ya wiki nne si mkojo wa kawaida. Tumbo la kuendesha linalokuja na damu na kuondoka na damu halikutokana na chakula cha mgahawani. Ushahidi uko kwenye majira ya maumivu, na mwenye ushahidi huo ni mmoja tu, yule anayeumwa.

Na huyo amefundishwa kunyamaza.

Sitaki kuwasema vibaya mama zetu. Msichana wa pwani anapovunja ungo hukabidhiwa kwa somo, au kungwi, na mafunzo anayopewa yana heshima ndani yake: namna ya kujisafisha, namna ya kukunja kitambaa, mahali pa kukianika pasipoonekana na kaka wala baba. Damu inasitiriwa kwa sababu mwili wake una staha. Hilo nalikubali. Kosa liliingia pale maumivu nayo yalipowekwa chini ya sitara hiyohiyo. Binti akalala chini analia, akaambiwa ndiyo ukubwa huo. Akaambiwa wote tumepita. Shangazi akasema ni chango, akachemsha mizizi, na kama hakupata nafuu akaambiwa neno ambalo sijui mwanamke wa Afrika Mashariki ambaye hajalisikia: ukizaa yataisha.

Neno hilo halikuanzia kwenye mkeka wa shangazi peke yake. Katika miaka ya 1940 Joe Vincent Meigs, daktari mashuhuri wa magonjwa ya wanawake mjini Boston, aliandika kwamba endometriosisi inawapata wanawake wa tabaka la wenye nacho kwa sababu wanachelewa kuolewa na kuzaa, na dawa aliyoipendekeza ni waolewe mapema na wazae. Profesa na shangazi waliafikiana bila kujuana. Ukweli ni kwamba mimba husimamisha hedhi, na kwa baadhi ya wanawake maumivu hupumzika kwa muda huo. Hedhi ikirudi, kwa wengi maumivu nayo hurudi. Na ugonjwa huuhuu unaweza kumzuia mtu kushika mimba. Kumwambia mwanamke kwamba dawa yake ni mtoto, wakati ugonjwa wake unaweza kumnyima mtoto, ni kumpa kidonda cha pili juu ya kile cha kwanza. Nimewaona wanawake walioolewa wakitumaini kupona, wakakaa mwaka hadi mwaka bila mtoto na bila nafuu, na ukoo ukawahesabia yote mawili kuwa makosa yao.

Shuleni mambo ni magumu zaidi, kwa sababu huko tumbo la msichana linatazamwa kwa shaka. Akienda kwa matroni mwezi wa kwanza anapewa Panadol. Mwezi wa pili anaambiwa anatafuta ruhusa. Mwezi wa tatu anapelekwa kupimwa mimba, na hata majibu yakiwa safi, wenzake wamekwisha kumwona akipelekwa. Mwezi wa nne hasemi. Anakaa darasani amejikunja, au anabaki bwenini na kuandikwa mtoro. Ratiba ya mtihani wa kidato cha nne haimjui. Na hivi tunavyozungumza sana juu ya pedi, jambo ambalo ni la haki kabisa, tusidhani pedi inatibu maumivu. Kenya iliweka katika sheria mwaka 2017 kwamba msichana wa shule apewe pedi bure. Tanzania ilifuta kodi ya ongezeko la thamani kwenye pedi mwaka 2018 na kuirudisha mwaka 2019. Mjadala wote huo ni wa damu. Msichana ambaye pedi anayo na bado hawezi kusimama hakuwa na nafasi ndani yake.

Sasa tuingie zahanati, kwa sababu huko ndiko miaka mingi inakotumika.

Wa kwanza kutajwa ni mkojo. UTI. Anapewa dawa za siku tano, na kwa vile maumivu ya hedhi yangeisha yenyewe baada ya siku tano, yanaisha. Tabibu ameshinda, mgonjwa amefurahi, na kosa limepata uthibitisho. Mwezi unaofuata yanarudi, naye anaambiwa UTI imerudi. Inapewa cheo, inaitwa UTI sugu. Nakuomba msomaji ukae kidogo na jambo hili, maana ndipo mtego ulipo: ugonjwa unaokuja na kuondoka kwa mwezi humfanya kila tabibu aonekane amefaulu. Dawa yoyote inayotolewa siku ya pili ya hedhi itaonekana imeponya siku ya sita.

Baada ya UTI inakuja PID, maambukizi ya via vya uzazi. Ni ugonjwa wa kweli na wa hatari, unaoziba mirija, na tabibu anayeushuku ana haki ya kutibu bila kungoja, kwa sindano na kwa zile dawa mbili ambazo wanawake wa mtaani wamezikariri kama majina ya watoto wao, doksi na metro. Tatizo langu haliko kwenye kutibu mara ya kwanza. Liko kwenye mara ya tano. Dawa ileile imetolewa mwaka mzima, hakuna kipimo kilichoonyesha mdudu, na hakuna aliyesimama kuuliza kama huenda si mdudu.

PID haiji peke yake. Mara nyingi vijidudu vyake huletwa kwa ngono, kwa hiyo mwanamke anaambiwa, "Uje na mwenzio atibiwe." Maneno hayo ni sahihi kitabibu, lakini akifika nayo nyumbani yanageuka mashtaka. Nani amemletea mwenzake? Mume anasema yeye mzima. Mke anasema hajatoka nje. Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli, kwa sababu maambukizi hayakuwapo, lakini neno la karatasi lina nguvu kuliko neno la mtu. Na kwa binti ambaye hajaolewa, ambaye pengine hajamjua mwanamume, karatasi hiyo humvunjia jina mbele ya mama yake. Ndoa zimevunjika na mabinti wamepigwa kwa ugonjwa ambao hawakuwa nao.

Hili nalo lina historia. Mwaka 1976 daktari mweusi wa Chicago, Donald Chatman, alichapisha kazi juu ya endometriosisi kwa wanawake weusi. Wakati ule madaktari wengi waliamini kwamba ni ugonjwa wa wanawake weupe wenye nafasi. Mwanamke mweusi mwenye maumivu ya nyonga alihesabiwa kuwa ana maambukizi, na nyuma ya hesabu hiyo kulikuwa na dhana chafu juu ya maisha yake. Chatman alitazama ndani ya matumbo kwa kamera ya laparoskopi na kuukuta ugonjwa, na wengi wa wale aliowakuta nao walikuwa wamekwisha kuambiwa wana PID. Vitabu vilivyobeba imani ile vilisomwa pia katika vyuo vya udaktari vya Afrika. Hatukuitunga sisi dhana hiyo, lakini tumeirithi, na hadi leo kuna wanaosema ugonjwa huu ni wa Wazungu.

Hospitali ikishindwa kutaja jina, wapo wengi nje wenye majina. Mmoja atasema ni jini mahaba, hataki mume amguse, ndiyo maana tendo linauma. Mwingine ana chupa ya kusafisha kizazi. Mwingine yuko kwenye simu na tangazo lake la mvurugiko wa homoni, PID sugu na uvimbe, vyote kwa dozi moja. Wanawake wanaonunua si wajinga. Wametoka kuambiwa na mtu aliyesoma kwamba hawana kitu, na muuzaji wa chupa ndiye mtu wa kwanza aliyekubali kwamba wanacho.

Maana kuna siku ambayo ni ngumu kuliko zote, siku ya altrasaundi iliyotoka safi. Umechanga fedha, umekunywa maji mpaka kibofu kinataka kupasuka, umelala kwenye kitanda na jeli ya baridi tumboni, na mtu anakuambia kwa wema kabisa, "Dada, mbona uko sawa?" Unapaswa kushukuru. Badala yake unatoka nje na kulia, na hata aliyekusindikiza haelewi, kwa nini mtu alie kwa kuambiwa mzima. Unalia kwa sababu sasa huna pa kwenda. Nililia hivyo. Nilianza kujiuliza kama maumivu haya nayatunga.

Kama kungekuwa na mtu wa kuniambia siku ile, angeniambia hivi: picha safi haifuti ugonjwa huu. Altrasaundi inaweza kuona uvimbe wa ovari uliojaa damu ya zamani, na mikononi mwa mpimaji aliyefunzwa inaweza kuona mengi zaidi. Lakini madoa madogo yaliyotandaa juu ya ngozi ya ndani ya tumbo hayaonekani kwa kawaida. Wala hakuna kipimo cha damu cha kutegemewa. CA-125, ambacho wengine huandikiwa kwa bei kubwa, kinaweza kupanda kwa sababu nyingine na kinaweza kuwa kawaida kwa mtu anayeumwa. Ukubwa wa maumivu nao haulingani na ukubwa wa ugonjwa. Mwenye madoa machache anaweza kugaagaa, na mwenye tumbo lililoshikana asijue mpaka atafute mtoto.

Daktari aliyenisaidia alikuwa mama mtu mzima, karibu na kustaafu, katika hospitali ambayo sikuitarajia. Nilimwamkia, akaitikia, nikamsogezea bahasha ya picha na rundo la karatasi. Aliziweka pembeni bila kuzifungua. "Hizi nitazisoma. Kwanza, mwanangu, nianzie ulipovunja ungo."

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilimweleza nilivyokuwa darasa la saba, nilivyokuwa sekondari, miezi niliyokuwa nikizimia na miezi niliyokuwa nikisingizia malaria kazini kwa sababu malaria inaheshimika. Aliuliza maumivu yanatangulia damu au yanaifuata. Aliuliza juu ya choo, na akauliza bila kushusha sauti, nami nikajibu bila kushusha yangu. Aliuliza juu ya tendo la ndoa, kina gani, pozi gani, kwa sababu maumivu ya kina yana maana yake. Aliuliza kama mama au dada zangu waliumwa, maana ugonjwa huu hupita katika damu ya ukoo. Alichora mstari wa miaka kwenye karatasi tupu, akaweka alama. Alipomaliza alinionyesha karatasi ile, na hata mimi ambaye si daktari niliona kwamba yale yote niliyotibiwa moja moja yalikuwa kitu kimoja.

Kipimo cha ndani kilichofuata alikifanya akiwa anajua anachotafuta. Mashine ilikuwa ya aina ileile iliyosema niko sawa. Ovari ya kushoto ilikuwa na uvimbe wa damu ya zamani, na haikusogea alipoisukuma. Ilikuwa imeshikana na kizazi, na kizazi kimeshikana na utumbo, kama kurasa za daftari lililoloa maji likakauka. Alizungusha skrini nione. Sikulia. Niliomba anitajie jina tena, aliandike kwa herufi kubwa.

Si kila maumivu ya nyonga ni endometriosisi, na nisingependa msomaji afunge gazeti akiwa amejitibu mwenyewe. Ipo adenomiosisi, ambapo tishu ya namna hiyo huingia ndani ya nyama ya kizazi na hedhi inakuwa nzito. Yapo mafibroidi. Ipo PID ya kweli. Upo utumbo mwepesi wa kukasirika na kibofu chenye maumivu. Na katika nchi zetu kipo kichocho, ambacho watu hukijua kwa mkojo wa damu wa watoto wa kiume na kusahau kwamba mayai yake hukaa pia kwenye mlango wa kizazi na ukeni. Mwanamke aliyekua akichota maji na kufua kwenye mabwawa, iwe Pemba au vijiji vya Kanda ya Ziwa, anaweza kuumwa nyonga kwa miaka na kuambiwa ana ugonjwa wa zinaa. Naye anadaiwa historia ambayo hakuna aliyemuuliza: ulikulia wapi, mlikuwa mkioga maji gani. Magonjwa yote haya hutofautishwa kwanza kwa masimulizi, kisha kwa mashine.

Zamani ilihesabiwa kwamba bila kufungua tumbo, au kuingiza kamera ya laparoskopi, hakuna anayeweza kusema ni endometriosisi. Mawazo hayo yamebadilika. Mwongozo wa mwaka 2022 wa chama cha Ulaya cha wataalamu wa uzazi, ESHRE, umeacha kuihesabu laparoskopi kuwa kipimo cha lazima. Unaielekeza kwa wale ambao picha hazikuonyesha kitu, au ambao tiba ya kuanzia haikuwasaidia au haiwafai. Daktari anaruhusiwa kusikiliza, kupima, kushuku kwa haki, na kuanza kutibu.

Kwetu habari hii ni kubwa kuliko ilivyo Ulaya. Mtu wa Newala au Kibondo hawezi kungoja kamera ya Hospitali ya Muhimbili. Lakini tiba ya kuanzia haiko mbali naye hata kidogo. Ni homoni zinazotuliza mzunguko: vidonge vya majira, sindano, vijiti, kitanzi chenye homoni. Nyingi ya hizo ziko kwenye kabati la zahanati yake, na katika vituo vya serikali hutolewa bure. Haziondoi ugonjwa, wala hazimfai kila mtu, na mwenye kutafuta mtoto atahitaji njia nyingine. Ila kwa wengi hurudisha siku zilizokuwa zimeibwa.

Lakini dawa hizo ziko nyuma ya mlango ulioandikwa uzazi wa mpango. Binti wa miaka 17 anayekaa kwenye benchi la mlango huo ameonekana na mtaa mzima, na mama yake anaogopa mambo mawili: watu watasemaje, na je, dawa hizi hazitamfunga kizazi? Hofu ya pili inastahili jibu la upole na la wazi, maana ni hofu ya upendo. Vidonge haviui kizazi. Akiviacha, uwezo wake wa kuzaa hurudi, hata kama baada ya sindano huchukua miezi kadhaa zaidi. Kinachotishia kizazi chake ni ugonjwa ulioachwa ukishikanisha via vyake kwa miaka. Hofu ya kwanza ni kazi yetu sote, na njia ya haraka ni kumtoa binti huyo kwenye benchi lile na kumpa dawa yake kwenye chumba cha wagonjwa wa kawaida, kwa jina la maumivu.

Tanzania tulipata mtu wa kusema mapema. Happiness Millen Magese, aliyevaa taji la Miss Tanzania mwaka 2001 na kuwa mwanamitindo Afrika Kusini na New York, alisimama hadharani na kueleza kwamba amepasuliwa zaidi ya mara kumi kwa ugonjwa huu, na kwamba ameugua tangu usichana. Aliunda taasisi kwa ajili hiyo. Mwaka 2017 alijifungua mtoto wa kiume. Namheshimu kwa ujasiri wake, kwa sababu mrembo wa taifa kusema habari za hedhi na ugumba mbele ya kamera lilikuwa jambo zito. Lakini mwanamke asiye na taji wala nauli hatakiwi kuwa jasiri kiasi hicho ili aaminiwe.

Kwa hiyo nawaomba watu wawili. Wa kwanza ni somo, kungwi, shangazi, bibi, yeyote mwenye ruhusa ya kuzungumza na mwali yale ambayo mama yake hawezi. Ninyi ndio wenye haki ya kuuliza, na mtajibiwa. Mkimfundisha kitambaa mfundisheni pia kuandika tarehe: siku damu ilipoanza, siku maumivu yalipoanza, alichomeza, alichoshindwa kufanya. Baada ya miezi mitatu muulizeni tena. Akiwa anakosa shule kila mwezi, mpelekeni hospitali, nanyi mwingie naye.

Wa pili ni tabibu. Najua foleni iliyo nje ya mlango wako, na najua uko peke yako tangu asubuhi. Tarehe ya hedhi unaiuliza tayari. Ongeza maswali manne tu baada yake: maumivu haya yanakuja na siku zako? Yalianza una umri gani? Yanauma ukienda choo kikubwa au katika tendo la ndoa? Umekwisha kutibiwa PID mara ngapi? Ukisikia majibu yanaelekeana, usiandike doksi na metro kwa mara ya sita. Andika rufaa kwa bingwa wa magonjwa ya wanawake, na kwenye rufaa hiyo andika jina unalolishuku.